Mtoko wa wawili London majira ya machipuko: Kew, Richmond, Wanstead, Greenwich, Regent's Park au Columbia Road?

Ukiwa London na mwenzako, na baridi imeanza kulegea, fungueni kalenda kabla ya kubishania mahali. Maua ya jiji hili hayangojani. Dafodili hushika Machi. Magnolia huchanua Machi hadi mwanzo wa Aprili, na usiku mmoja wa jalidi unatosha kuzigeuza petali zake kahawia. Micheri ya mapema, yenye maua meupe na pinki hafifu, hufunguka mwishoni mwa Machi, wakati micheri ya pinki iliyokolea husubiri nusu ya pili ya Aprili. Blubeli hujaa misituni wiki ya mwisho ya Aprili na ya kwanza ya Mei. Azalea hukutana nazo hapo na kuendelea hadi katikati ya Mei. Mwaka ambao baridi inakawia kuondoka, yote hayo huchelewa wiki moja au mbili.

Waridi ni la Juni. Anayemwahidi mchumba wake maua ya Regent's Park tarehe 20 Aprili, huku akilini ana bustani ya waridi ya Queen Mary, atamfikisha kwenye vijiti vilivyopogolewa, na wakati huohuo tulipu zimesimama safu kwa safu upande wa pili wa bustani hiyohiyo. Kosa la tarehe huharibu mitoko mingi zaidi kuliko kosa la mahali.

Kitu cha pili cha kupima ni baridi. Jua la Aprili hapa linaangaza kuliko linavyopasha joto. Mchana wa kawaida hufika nyuzi 15 hivi, na kivulini penye upepo ngozi inahisi chini ya hapo. Mtu akiona jua dirishani anatoka na gauni jepesi au shati tupu, na ikifika saa kumi mikono imeganda, majibu yamekuwa mafupi, kila mmoja anaangalia ratiba ya treni. Ndiyo maana kila mahali hapa chini tumepauliza swali moja: mvua ikianza, kuna dakika ngapi hadi kwenye paa na kikombe cha chai? Mtoko wa wawili ni maongezi, na maongezi hayaendelei meno yakigongana.

Kuna na suala la saa. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa saba usiku huruka ikawa saa nane. Simu hujirekebisha yenyewe, saa ya ukutani haijirekebishi, na wawili waliopatana kukutana asubuhi hiyo wanaweza kupishana saa nzima stesheni. Faida yake huja jioni: katikati ya Aprili jua linazama karibu saa mbili usiku, na mwisho wa Mei limefika saa tatu. Tofauti na Nairobi na Dar es Salaam nayo inashuka kutoka saa tatu hadi mbili, jambo la kukumbuka kama mnataka kumpigia mama simu ya video mkiwa chini ya micheri.

Kew na Isabella ya Richmond Park: majirani wasiofanana

Stesheni za Kew Gardens na Richmond zinafuatana mwishoni mwa District, laini ya treni za mjini, kwa hiyo watu huzichukulia kama chaguo moja. Si kitu kimoja hata kidogo.

Kew ni bustani ya mimea iliyoanza mwaka 1759, na tangu 2003 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mna kiingilio, tena si kidogo: msimu huu ni zaidi ya paundi 20 kwa mtu mzima. Tiketi ya mtandaoni iliyonunuliwa kabla ni nafuu kuliko ya mlangoni, wenye miaka 16 hadi 29 wana bei yao ya chini, na wanaopokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huingia kwa paundi 1. Wengi wenye haki ya punguzo hilo hawajui kwamba lipo.

Unachonunua kwa pesa hiyo ni paa. Palm House, nyumba ya vioo na chuma iliyojengwa kati ya 1844 na 1848, ina joto na unyevu wa Tanga mwezi Februari. Ukisukuma mlango, miwani inafunikwa na ukungu papo hapo, na kioo cha kamera ya simu vilevile. Usikifute kwa kidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yatabaki na picha zote zitatoka na utando. Shika simu mkononi dakika tano hadi kumi, ipate joto, ukungu utaondoka wenyewe. Vueni makoti mara moja, la sivyo mtatoka na jasho, na upepo wa nje utawakamata vibaya. Humo ndani utakuta migomba, michikichi, mikahawa na mikakao, na kwa aliyekulia Bukoba au Kampala, kumwonyesha mwenzi wa Kiingereza jinsi mkungu unavyoning'inia huku ndizi zake zikielekea juu ni mazungumzo ya nusu saa yasiyohitaji kutafutwa.

Mpango unaofaa Kew ni huu. Fikeni mlango wa Victoria Gate saa nne asubuhi unapofunguliwa. Nendeni moja kwa moja kwenye njia ya micheri inayoelekea Temperate House, nyumba nyingine ya vioo, kabla watu hawajajaa. Ingieni Temperate House, kaeni. Baridi ikizidi, rudini Palm House. Ni hayo tu. Daraja la juu ya miti, Treetop Walkway, liko mita 18 kutoka ardhini, sakafu yake ni ya wavu wa chuma unaokuonyesha chini, na linacheza kidogo mkilitembelea. Muulize mwenzako kuhusu kimo kabla ya kupanda ngazi. Kumuuliza mkiwa juu ni kumwaibisha.

Kinachoharibu siku ya Kew ni kiingilio chenyewe. Watu waliolipa karibu paundi 50 kwa wawili hujiona wana deni la kuona kila kitu, basi wanatembea kama wakaguzi, ramani mkononi, hadi miguu inawaka moto. Chagueni nyumba mbili za vioo na njia moja. Sehemu zilizobaki ni za mwaka kesho.

Isabella Plantation ni bustani ya hekta 16 ndani ya Richmond Park, na ni bure. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 1953. Umaarufu wake ni azalea za Kurume kutoka Japani, zilizopandwa kando ya vijito na vidimbwi. Kidimbwi kiitwacho Still Pond ndicho cha kuendea: maji yake ni meusi na hayatikisiki, azalea zimeinama hadi kuyagusa, kwa hiyo unaona ukuta wa pinki na wekundu mara mbili, juu na chini, na petali zilizoanguka zinaelea katikati kama vipande vya karatasi. Asubuhi kabla ya saa nne mnaweza kuwa peke yenu hapo. Saa sita mchana, Jumamosi ya mwanzo wa Mei, mtapanga foleni kupiga picha.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kushuka Richmond na kudhani mmefika. Hifadhi nzima ina hekta 955, na Isabella iko upande wa Kingston. Ukitaka Isabella tu, panda treni kutoka Waterloo hadi Kingston, kisha basi namba 85, shuka karibu na lango la Ladderstile, tembea kama dakika 20. Mkiwa watembezi, fanyeni safari ya kwenda bila kurudi: kutoka stesheni ya Richmond pandeni basi 65 au 371 hadi lango la Petersham, kweeni kilima hadi Pembroke Lodge, jumba lenye mkahawa, nyweni chai. Hatua chache kutoka hapo kuna King Henry's Mound, kilima kidogo chenye tundu lililokatwa kwenye ua wa miti, na ukichungulia unaliona kuba la kanisa la St Paul's, kilomita 16 mbali. Halafu vukeni hifadhi hadi Isabella na mtokee Kingston. Jumla ni kilomita sita hivi, nusu siku ukihesabu vituo vya kukaa.

Kulungu ni zaidi ya 600 na wanatembea huru. Sheria ya hifadhi ni kukaa mita 50 mbali nao, na kuanzia Mei majike wana ndama waliojificha kwenye majani, basi msiwasogelee kwa ajili ya picha hata wakionekana wapole. Kupe wapo: soksi ndefu, suruali, na mkirudi nyumbani kaguaneni nyuma ya magoti na kiunoni. Mwisho wa Mei na Juni epukeni kukaa chini ya mialoni, kwani kuna viwavi ambao vinyweleo vyao huwasha ngozi na kukereketa koo. Kuchoma nyama kumekatazwa kabisa.

Kwenye swali letu la paa, Isabella inaanguka. Mvua ikiwakuta kidimbwini, chai ya Pembroke Lodge iko zaidi ya nusu saa kwa miguu. Kwa hiyo siku ya mawingu mazito chagua Kew, hata kama mfuko unalalamika. Siku ya anga safi mwanzoni mwa Mei, Isabella inaishinda Kew kwa mbali, na hapo hatusiti: hakuna bustani ya kulipia London yenye wiki mbili nzuri kama zile.

Blubeli: Wanstead au Kew?

Kwa wanaokaa Barking, Ilford au East Ham, jibu liko karibu na nyumbani. Chalet Wood, ndani ya Wanstead Park, ni msitu mdogo ambao sakafu yake yote hugeuka buluu mwishoni mwa Aprili. Kutoka Barking, treni ya Overground ya laini ya Suffragette inafika stesheni ya Wanstead Park. Ukitoka mjini, laini ya Central hadi Wanstead. Kote mnatembea kama dakika 20. Hakuna kiingilio, hakuna tiketi ya kukosa.

Njia za msituni zimepangwa magogo kando, na magogo hayo yana maana. Jani la blubeli likikanyagwa haliwezi tena kutengeneza chakula cha kitunguu chake, yaani kile kiini cha ardhini ambacho mmea huchipukia, na mmea hudhoofika kwa miaka. Mapengo ya kahawia mnayoyaona katikati ya buluu ni ya watu waliovuka magogo ili wapate picha. Kung'oa vitunguu vyake porini ni kosa la kisheria. Picha nzuri inapatikana ukibaki njiani: mpiga picha achuchumae hadi simu ifike kimo cha maua, anayepigwa asimame kwenye kona ya njia, hapo maua yaliyo mbele na nyuma yataungana na njia itapotea. Jua kali huifanya buluu itoke zambarau kwenye simu, kwa hiyo siku ya mawingu au asubuhi mapema ni bora. Na vaa manjano. Kanga ya manjano mabegani ndani ya msitu ule inaonekana kama taa.

Kuna mchezo wa kufanya wawili. Blubeli ya asili ya Uingereza hulala upande mmoja kama shingo iliyoinama, ina harufu tamu, na ukichungulia ndani chavua yake ni nyeupe ya maziwa. Ile ya Kihispania, iliyotoroka bustanini, husimama wima, maua yake yanazunguka bua pande zote, harufu hakuna, chavua ni buluu. Itafuteni kwenye nyua za mitaani mkirudi stesheni.

Kew nako blubeli zipo, kwenye msitu unaozunguka nyumba ya Queen Charlotte, lakini ni kona ya mbali kabisa na mlango mkuu. Usilipie Kew kwa sababu ya blubeli peke yake. Ubaya wa Wanstead ni tope, kwani njia hukaa na maji siku mbili tatu baada ya mvua, na viatu vyeupe vitarudi rangi nyingine. Kuna kibanda cha chai karibu na bwawa, cha kukinga mvua fupi. Kwa saa mbili za Jumapili bila gharama, Wanstead ndiyo ya kwanza katika orodha hii.

Greenwich na Regent's Park

Hizi mbili zinamfaa mtu anayetaka bustani na mji kwa pamoja.

Greenwich Park ina barabara ya micheri karibu na bustani ya waridi na Ranger's House, pinki iliyokolea pande zote mbili, kilele chake ni nusu ya pili ya Aprili. Wengi hushuka Cutty Sark kwa treni ya DLR, wanapanda kilima huku wanahema, wanafika kwenye micheri wakiwa wamelowa jasho. Pindueni safari. Kutoka London Bridge chukueni treni hadi Blackheath, vukeni uwanja wa nyasi, mtaingia hifadhini kutokea juu, micheri ikiwa mwanzo wa safari. Kisha mnateremka: mandhari ya mto kutoka penye sanamu ya Jenerali Wolfe, halafu mstari wa Meridiani, yaani longitudo sifuri. Uani mwa Royal Observatory mstari huo una tiketi, ila nje ya ukuta, kwenye njia ya chini yake, umeendelea kuchorwa na hapo hakuna anayelipa. Mmoja asimame mashariki mwa dunia, mwenzake magharibi, washikane mikono. Ni jambo dogo, na picha yake huwekwa miaka.

Kwenye swali la paa, Greenwich inazishinda zote. Queen's House iko chini ya kilima, kuingia ni bure, na ndani yake kuna Tulip Stairs, ngazi ya mzunguko isiyo na nguzo katikati, ambayo vyuma vya mkono wake vimefinyangwa maua ya rangi ya buluu. Simameni chini kabisa katikati na kutazama juu. Saa kumi na moja jioni panafungwa. Mvua ikiendelea, soko la Greenwich limeezekwa na lina vyakula vya kila namna. Anayetaka zaidi apite kwa miguu chini ya Mto Thames, kwenye handaki la mwaka 1902, mita 370 hivi, hadi Island Gardens, na kutoka ng'ambo ile Greenwich yote inaonekana kama imepangwa kwa ajili yenu. Sauti humo ndani inavuma, kwa hiyo acheni siri hadi mtokee.

Regent's Park ina micheri Chester Road mwanzoni mwa Aprili na tulipu za Avenue Gardens kuanzia katikati ya mwezi. Kwa wawili Waislamu ina jambo ambalo bustani nyingine hazina: msikiti mkuu wa London, wenye kuba la dhahabu, uko ukingoni mwa hifadhi, hatua chache kutoka ziwani. Adhuhuri ya Aprili huingia saa saba na dakika chache mchana, na Alasiri mnaweza kuipata palepale bila kuvunja siku. Epukeni Ijumaa mchana kama lengo ni utulivu. Chakula cha halali ni Edgware Road, robo saa au zaidi kidogo kwa miguu.

Kivutio cha ziwani ni mashua za makasia. Anayepiga makasia hukaa akitazama nyuma, kwa hiyo mwenzake aliyekaa tezi ndiye nahodha, ndiye anayeona kisiwa kinapokaribia. Wanaosahau hilo huishia kwenye matawi. Pigeni kwa mgongo na miguu, mikono imenyooka mwanzoni, makasia yasizame zaidi ya ubapa wake. Mkizamisha sana, kasia linakwama na mpini unakupiga kifuani. Mashua za pedali ni rahisi zaidi kwa mwenye gauni refu au buibui. Siku ya upepo huduma hiyo inaweza kusimamishwa, basi msiifanye kuwa nguzo pekee ya siku. Akiba yenu iwe Primrose Hill, kaskazini tu ya hifadhi, ambako mji wote unaonekana jua likienda kuzama.

Kati ya hizo mbili, Greenwich ni ya siku nzima na ya mtu mgeni London. Regent's Park ni ya saa tatu baada ya kazi, Aprili jioni, kwa watu ambao tayari wanajuana.

Columbia Road

Ni Jumapili pekee, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane hivi mchana. Soko la maua la mtaa mmoja, dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya Hoxton. Kuanzia saa tano husongwi na maua, unasongwa na watu, na hakuna maongezi mtu akikukanyaga. Fikeni saa mbili unusu mkitaka kuchagua, au saa saba unusu mkitaka bei ya kumalizia, wenye meza wanapopiga kelele kuondoa mzigo.

Dafodili nunua zingali zimefungwa, shingo imeanza kuinama kama ya bata, manjano inachungulia. Zilizochanua sokoni zitakufa Jumatano. Tulipu chagua zilizofumba lakini rangi imepanda hadi chini. Ukizivuta kwa kusuguana zinatoa mlio wa viatu vipya, na huo ndio ushahidi kwamba zimekatwa karibuni. Usizichanganye mara moja kwenye chombo kimoja: dafodili likikatwa hutoa ute unaoziba mabua ya tulipu. Dafodili zikae peke yake kwenye maji kwa saa 24, kisha uziunganishe na tulipu bila kuzikata tena. Tulipu huendelea kurefuka ndani ya maji na kuinamia dirisha, kwa hiyo geuza chombo kila asubuhi. Na kama mwenzako ana paka, lili zisiingie nyumbani mwake, hata chavua yake ikimwangukia paka manyoya inaweza kumuua.

Kwa kuwa mtazunguka na maua hadi mchana, funga mabua kwa karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, kisha mfuko wa plastiki, kisha mpira. Brick Lane iko karibu kwa chakula. Kwa mkutano wa kwanza wa watu wasiojuana, tunaiweka Columbia Road mbele ya zote. Muda wake ni mfupi, pana watu, kila meza inatoa neno la kusema, na asiyependezwa anaweza kuaga saa sita bila kumvunjia mtu heshima. Kuwapeleka watu wasiojuana Isabella, dakika 20 kwa miguu kutoka basi la karibu, ni kuwabebesha ukimya usio wa lazima.

Kapu na mwili

Chakula cha kununua mbugani ni ghali na huwa baridi. Themosi ya lita 1 inatosha vikombe vinne: nusu lita ya maji, nusu ya maziwa, vijiko viwili vya chai vya majani, tangawizi kiasi cha kidole gumba iliyopondwa. Kabla ya kumimina, jaza themosi maji yanayochemka, iache dakika tano, mwaga. Bila hivyo chuma kinanywa joto la chai yako na saa mbili baadaye ni vuguvugu. Sukari beba pembeni. Sambusa sita na mahamri sita ni kiasi cha wawili. Sambusa zipoe kwanza dakika 20 juu ya wavu, kisha zifungwe kwa karatasi. Zikiingia koponi zingali moto, mvuke unazilainisha na mnakula mkate mbichi.

Mkeka wa kawaida hautoshi. Nyasi za Aprili zinaonekana kavu lakini ardhi ina maji, na dakika kumi baadaye yamepanda hadi kwenye suruali. Tafuta blanketi lenye mgongo wa plastiki, au tandika mfuko mkubwa wa taka uliopasuliwa chini ya mkeka wa nyumbani.

Chavua ya miti ya birch hutanda kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei. Waliokuja kutoka Afrika Mashariki mara nyingi hawana shida mwaka wa kwanza, ikifika wa tatu au wa nne macho yanawasha na wanadhani ni mafua. Dawa ya mzio isiyoleta usingizi huuzwa dukani bila cheti. Inywe asubuhi kabla ya kutoka, kwa kuwa ukiimeza baada ya kuanza kupiga chafya inakawia kukufaa.

Jumamosi usiku angalia laini zilizofungwa, kwani matengenezo ya reli hufanywa wikiendi na District ikifungwa safari ya Kew inabadilika kabisa. Ukipanda basi zaidi ya moja, tumia kadi ileile: ndani ya saa moja tangu kuigusisha mara ya kwanza, basi linalofuata halikatwi nauli.

Na kama unataka kumshtukizia mwenzako, mahali pabaki siri, lakini viatu visiwe siri. Mtu aliyevaa visigino Chalet Wood hatakumbuka blubeli. Ujumbe wa Ijumaa jioni unaweza kuwa mfupi hivi: "Kesho saa nne, stesheni ya Wanstead. Viatu vya tope, koti lenye kofia, kanga ile ya manjano. Chai ninayo mimi."